Siku ya Maselina na Dripu ya Uchungu

Swali la kwanza atakalokuuliza mama unapomtundikia dripu ya uchungu halimhusu mtoto. Atakuuliza kama itauma. Jibu ni ndiyo, itauma, na huenda ikauma kuliko uchungu unaokuja wenyewe. Mwambie hivyo hivyo. Halafu nyamaza kidogo umwache akuangalie usoni, maana ataangalia, akitafuta kama kuna kitu umemficha.

Nimestaafu sasa. Nakaa kwetu Kasingirima, hapa Kigoma, naamka saa ninayotaka, na viatu vyangu vya kazi nimeshampa mtu. Aliyenisukuma kuandika haya ni binti wa jirani yangu anayesomea ukunga. Aliniomba nimweleze jinsi tulivyokuwa tukiwahudumia akina mama wanaoanzishiwa uchungu huku dawa ya maumivu ikiwa haba au haipo kabisa, kwa sababu huko anakofanya mafunzo siku nyingi hali bado ni hiyo. Nikamwambia mambo hayo huonyeshwa kwa mikono, hayaandikwi. Akaniuliza nitamwonyeshea kwa nani, na mgonjwa sina. Nikatafuta kalamu.

Kwa hiyo nawaandikia yeye na wenzake, ninyi ambao sare zenu bado zina mikunjo ya dukani. Wengine wakisoma, karibuni pia.

Mnajua kwa nini tunauanzisha uchungu. Mimba imepitiliza siku zake, au presha ya mama inapanda, au chupa ya uzazi imepasuka na uchungu hauji. Kusubiri kunakuwa hatari kuliko kuanza. Basi mama anapewa vidonge vya kulainisha mlango wa kizazi, kisha dripu yenye dawa, matone machache kwa dakika, yanayoongezwa kidogo kidogo. Uchungu wa kawaida humzoesha mtu. Huanza kama kiuno kilichochoka, na ukija kuwa mkali mwili umeshajiandaa. Wa dripu haupigi hodi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi Zuhura, mkunga mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambaye hata madaktari walimwogopa. Sikumbuki akinisifu. Nakumbuka siku niliyomkosea mtu mbele yake.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza. Nilimpokea msichana kutoka Gungu, mimba yake ya kwanza, chupa imepasuka tangu siku iliyotangulia. Alikuwa akitetemeka kabla hata sindano haijamgusa. Nikamwonea huruma, nikamwambia asiogope, atasikia maumivu kama yale ya mwezini tu. Saa tatu baadaye alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda kwa mikono miwili, na kila nilipomkaribia aligeuza uso ukutani. Kichwa cha mtoto kilipoanza kuonekana nikamwambia asisukume, ahemee mdomoni tu, ili kitoke taratibu. Hakunisikiliza. Na kwa nini anisikilize? Alisukuma kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mtoto akatoka salama, mama akachanika vibaya. Bi Zuhura alimshona muda mrefu, mimi nimeshika taa.

Alipomaliza alinawa mikono, akaniuliza nilimwambia nini yule msichana asubuhi. Nikamweleza. Akasema, "Ukimdanganya asubuhi, mchana hatakusikia. Na mchana ndipo unapomhitaji."

Kisha akanipa adhabu. Wiki nzima nilikaa na kila mama aliyekuwa kwenye dripu, mkono wangu tumboni kwake, saa nzima bila kuuondoa, bila kuandika kitu. Mkono ulikufa ganzi. Lakini kufikia Ijumaa nilikuwa nakijua kitu ambacho daftari halikunifundisha: tumbo linavyokaza, linavyokaa, na linavyolegea. Kulegea ndiko muhimu, maana hapo ndipo mtoto anapopata pumzi. Tumbo likikataa kulegea, funga dripu kwanza, uliza maswali baadaye. Siku hizi baadhi yenu mna mashine inayochora mapigo ya mtoto kwenye karatasi. Itumieni. Lakini mkono wekeni pia, kwa sababu umeme wa Kigoma mnaujua.

Mengine niliyojifunza ni madogo madogo. Uchungu unapokuwa umemshika, usimsemeshe. Subiri upite ndipo uongee, na uongee kwa ufupi. Usimwambie apumue, hakuna binadamu asiyejua kupumua. Pumua wewe, polepole, kwa sauti ya kusikika, naye atakufuata bila kuambiwa. Mkumbushe kwenda haja ndogo, maana kibofu kikijaa maumivu yanaongezeka na mtoto anakwama. Kama daktari hajamzuia kunywa, mpe chai yenye sukari, kidogo kidogo. Na usiseme "bado kidogo". Mama mmoja niliyemwambia hivyo aliniuliza kidogo ni dakika ngapi.

Zamani tuliwalaza chali wote, kama dagaa walioanikwa. Hatukufikiri. Ilikuwa rahisi kwetu, basi. Baadaye tukaanza kuwaacha wasimame, watembee, wapige magoti, na dripu yao pembeni. Tulikuwa na nguzo moja tu ya dripu yenye magurudumu, gurudumu moja limevunjika. Akina mama waliipa jina la Bwana, kwa sababu ukiiegemea inakukimbia.

Yupo mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mwandiga ambaye sitamsahau. Kila uchungu ulipomshika alitaja jedwali la saba, kwa sauti ya darasani. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Alipofika saba mara nane akasema hamsini na nne. Mwanamke wa kitanda cha jirani, muuza samaki ambaye naye uchungu wake ulikuwa umekolea, akasema bila kufumbua macho kwamba ni hamsini na sita. Mwalimu akarudia, akasahihisha, wakaendelea wote wawili mpaka walipojifungua. Sijaifundisha mbinu hiyo popote, ila sikuwazuia.

Sasa nije kwa Maselina, maana yeye ndiye ninayemfikiria kila ninapoulizwa habari hizi.

Maselina alikuja kwa boti kutoka Mwamgongo. Huko njia ni maji. Ziwa likichafuka, mtu anakaa na ugonjwa wake mpaka litulie. Alikuwa na mtoto mmoja aliye hai. Wa pili alipitiliza siku zake, wakasubiri boti kwa sababu ya upepo, mtoto akazaliwa nyumbani na hakupumua. Hii ilikuwa mimba ya tatu, nayo imepitiliza. Safari hii hawakusubiri. Alifika hospitali na mama mkwe wake, Bibi Yusta, mwanamke mrefu, mkavu, asiyesema sana, na alichosema kilikuwa Kiha. Tukampima Maselina tukakuta presha imeanza kupanda. Daktari akaamua uchungu uanzishwe. Akapewa vidonge, na asubuhi iliyofuata nikaja mimi na dripu.

Alikuwa mwembamba, mtulivu, mwenye mwanya. Akaniuliza lile swali. Nikamjibu kwamba itauma, na itauma kuliko mara mbili zilizopita. Akaniangalia usoni kama nilivyowaambia. Kisha akauliza la pili, kama sindano ya maumivu ipo.

Hapa inabidi niwaeleze kabati letu lilivyokuwa. Dawa ya maumivu tuliyokuwa nayo, ukiacha vidonge vya kawaida, ilikuwa pethidini, na siku hiyo kilikuwa kimebaki kichupa kimoja. Mzigo mpya ulikuwa unasubiriwa. Agizo lilikuwa kwamba kichupa cha mwisho kiwekwe kwa mama ambaye kondo la nyuma litakataa kutoka, kwa sababu hapo inabidi mkono uingie kulitoa. Mkono kuingia ndani ya kizazi cha mtu aliye macho, bila dawa, ni jambo nililoliona mara mbili na sitalielezea. Na siku hiyo hiyo kitanda cha dirishani alikuwapo mama mwenye mimba ya mapacha, ambaye uzazi wake uliopita kondo lilikwama. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu.

Ningeweza kumwambia Maselina kwamba haipo. Wenzangu wengi wangesema hivyo, na wangeona wamemhurumia. Nikamwambia, "Ipo moja. Nimeiweka kwa mama atakayekwama kondo la nyuma. Wewe sitakupa."

Akasema, "Sawa, sista. Angalau nimejua."

Akaniomba jambo moja. Mama mkwe wake asiingizwe. Kwao mwanamke akilia leba, habari zake hufika ufukweni kabla yake, na huzungumzwa kwenye vichanja vya dagaa mpaka mtoto aote meno. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sheria ya wodi yetu ilikuwa haimruhusu ndugu yeyote kuingia. Bibi Yusta akabaki nje kwenye benchi, na kifurushi chake na chupa ndogo ya mawese.

Nilianza dripu kwa matone machache, nikihesabu kwa saa ya ukutani, nikiongeza kila nusu saa. Kufikia saa nne asubuhi uchungu ulikuwa umekolea. Mwenzangu wa zamu aliitwa chumba cha upasuaji, nikabaki peke yangu na akina mama wanne. Mara tatu nilimshika Maselina kiuno, na mara tatu nikaitwa kwingine. Yeye alisimama ameegemea kitanda, ameuma pindo la khanga, machozi yanatoka bila sauti. Nilipopima nikakuta njia imefunguka sentimita nne. Saa moja baadaye ilikuwa nne ile ile.

Akaniomba sindano. Nikamwambia hapana. Akaniomba tena, nikamwambia hapana. Mara ya tatu hakuomba, alinitukana kwa Kiha, tusi lililomgusa mama yangu, na nilikielewa Kiha vizuri. Nilisogeza ndoo ya uchafu mbali na miguu yake nikaenda kumhudumia wa dirishani. Sikukasirika. Nilichokuwa nacho ni hesabu isiyotimia: mikono miwili, akina mama wanne, kichupa kimoja.

Nikarudi, nikangoja uchungu upite, nikamwambia kwamba anahitaji mtu wa kumkanda kiuno asiyeitwa kwingine, na aliyepo ni mmoja tu, yuko nje kwenye benchi. Sheria ya wodi ningeijibia mwenyewe. Kama hataki, simleti. Uchungu mwingine ukaja ukapita, na mwingine tena. Ndipo akasema nimlete.

Nilitoka nikamsalimu Bibi Yusta, shikamoo, nikamwambia mkwewe anamhitaji, lakini ndani hakuna kumkaripia mtu. Aliinuka na chupa yake ya mawese. Alipofika hakumsalimu yeyote. Alimimina mafuta kiganjani, akayasugua mpaka yakapata joto, akaanza kukanda pale chini ya kiuno, mahali ambapo sisi hukazia ngumi. Uchungu ulipokuja alikandamiza kwa kisigino cha mkono na uzito wake wote, ulipopita akalegeza. Nilisimama kumwangalia kwa muda kuliko nilivyopaswa. Alikuwa anajua. Matroni alinihoji baadaye kwa nini shuka za kitanda kile zimekuwa rangi ya chungwa, na nikajibu kwamba ni mawese, na yeye, mtu wa Kigoma, hakuwa na la kuongeza.

Maselina bado alikuwa ameuma khanga. Bibi Yusta akaendelea na kiuno kama nusu saa. Kisha, uchungu ulipokuwa unaanza kupanda, alinyoosha mkono mbele, akaivuta ile khanga polepole kutoka kinywani mwa mkwewe, akamwambia kwa Kiha, "Lia, mwanangu. Hapa si Mwamgongo."

Maselina akalia. Sikutegemea sauti kubwa namna ile kutoka kwenye mwili mdogo vile. Mama wa mapacha aliinuka akaketi. Alilia uchungu ule wote, na uliofuata, na mwingine, na mama mkwe wake hakuacha kukandamiza wala hakusema neno jingine. Nilipopima tena, haijafika hata saa moja na nusu, njia ilikuwa imefunguka sentimita saba. Sisemi kwamba kilio hufungua njia. Nawaambia nilichokikuta.

Saa sita na kitu daktari wa zamu alipita. Alikuwa kijana, mwezi wake wa pili kwetu, mwenye adabu na haraka. Akaangalia mchoro wa uchungu, akaona mstari bado uko nyuma ya pale alipotaka, akasema tuongeze matone. Nilikuwa na shaka. Sikuisema. Nikaongeza. Hilo ni kosa langu, si lake. Yeye aliangalia karatasi, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika tumbo.

Haukupita muda mrefu. Mkono wangu ukasubiri tumbo lilegee, halikulegea. Nikaweka ile tarumbeta ndogo ya kusikilizia mapigo, nikahesabu, nikahesabu tena. Mapigo ya mtoto yalikuwa yamekwenda chini sana. Nikafunga dripu. Nikamlaza Maselina ubavu wa kushoto, nikamwambia Bibi Yusta aache kukanda, nikatuma mtu amwite daktari. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mgonjwa juu ya meza.

Maselina aliniuliza, "Amekufa?"

Nikamwambia, "Hajafa. Moyo wake umepunguza mwendo, na nimefunga dripu. Nikijua zaidi nitakwambia."

"Niambie hata likiwa baya."

"Nitakwambia."

Niliendelea kusikiliza. Kazi ya kusikiliza mapigo ya mtoto anayeyumba haina cha kusimulia. Unainama, unahesabu, mgongo unauma, unahesabu tena. Bibi Yusta alikuwa ameshika kidole kimoja cha mguu wa mkwewe, kimoja tu, nadhani hakuwa na habari kwamba amekishika. Tumbo likalegea. Mapigo yakabaki chini. Kisha yakapanda kidogo, yakapanda zaidi, na baada ya muda yakarudi mahali pake. Nikasema kwa sauti, kila namba, ili Maselina asikie.

Daktari alifika akihema. Akanisikiliza, akapima mwenyewe, akakubaliana nami tungoje. Dripu ikiwa imefungwa, uchungu ulipungua. Ulikuja kwa mbali, mwepesi. Maselina alilala akiutazama ule mrija usiotoa tone, na mtu yeyote angedhani amepata nafuu. Nafuu kweli aliipata. Lakini baada ya nusu saa akanishika mkono wa sare.

"Irudishe," akasema.

Nikamwambia bado tunampumzisha mtoto. Akasema anajua, lakini mtoto akitulia tu, tuirudishe, asije akakaa ndani kama yule mwingine. Ndugu zangu, tangu asubuhi alikuwa ameniomba maumivu yaondoke, akanitukania mama. Sasa aliyaomba yarudi. Nikampa maji.

Daktari, na hapa namsifu, aliniuliza mimi ningeanzia matone mangapi. Nikamwambia nusu ya yale ya mwanzo, na tusiongeze mpaka tumbo lenyewe lituambie. Aliandika hivyo hivyo na akasaini. Siku hizi yeye ni daktari mkubwa mahali pengine, na nasikia huwauliza wakunga kabla ya kuongeza matone. Kama ni kweli, alijifunza siku ile, na mimi nilijifunza kwamba shaka ukiwa nayo uiseme.

Zamu yangu iliisha saa nane, sikuondoka. Maselina alijifungua saa tisa alasiri, amepiga magoti, mikono yake mabegani kwa Bibi Yusta. Kichwa kilipoonekana nilimwambia asisukume, ahemee mdomoni. Aliacha kusukuma. Sauti yangu ilimfika, kwa sababu tangu asubuhi haikuwa imemdanganya. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara moja, nikaipitisha juu ya kichwa, mabega yakatoka, msichana. Hakulia mara moja. Nilimpangusa, nikamsugua mgongo kwa taulo, na katika muda ule mfupi hakuna mtu chumbani aliyesogea. Kisha akapiga chafya, akalia. Maselina hakuchanika hata kidogo. Kondo la nyuma lilitoka lenyewe.

Mama wa mapacha alijifungua saa moja baadaye, wavulana wawili wenye afya. Nilikuwa nimeshatayarisha sindano kwenye trei, kichupa pembeni yake. Kondo lake likateleza likatoka kama vile halijawahi kumsumbua mtu. Nikarudisha kichupa kabatini, nikafunga. Nilifurahi kwa ajili yake. Pia nilikuwa na ule ufunguo mfukoni, na niliuhisi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Binti wa jirani yangu, nilipomsimulia hapa, aliniuliza kama nilikosea kutompa Maselina. Nimefikiri jambo hilo kwa miaka. Kama ningempa asubuhi, angepumzika saa mbili tatu. Huenda mtoto angezaliwa mzito wa usingizi, huenda asingekuwa. Kama ningempa, na kondo la yule mwingine likakwama, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Ningefanya tena vile vile, na bado sijui kama ni sahihi. Binti akaandika "hajui" kwenye daftari lake la mafunzo. Nilimwambia asilifute.

Kesho yake nilikuwa zamu ya asubuhi tena. Saa nane mchana, baada ya kukabidhi, nilipitia wodi ya wazazi kumwona Maselina. Alikuwa ameketi kitandani, mtoto amemaliza kunyonya, na yeye uso umemrudia. Bibi Yusta alikuwa ameteremka ufukweni Kibirizi kuulizia boti ya kurudi. Nikamsalimu Maselina, nikampima presha, ilikuwa imeshuka. Tukaongea habari za mtoto, kwamba ana nywele nyingi, kwamba amefanana na upande wa baba.

Kisha akaniuliza, "Ile sindano alipewa nani?"

Ningeweza kusema alipewa yule wa mapacha. Asingejua kamwe. Nikamwambia, "Hakupewa mtu. Haikuhitajika. Ipo kabatini."

Alimtazama mtoto. Wodi ilikuwa na kelele za mchana, vijiko na sahani, mtu anacheka dirishani.

"Basi ungenipa," akasema.

"Ningekupa kama ningejua."

"Lakini hukujua."

"Sikujua."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Aliinuka taratibu, akashika ukingo wa kitanda mpaka kizunguzungu kikaisha. Akasema hajaoga tangu jana, mwili mzima unanuka mawese, na hana wa kumwachia mtoto. Akaniwekea mikononi, akachukua khanga yake na kipande cha sabuni, akaenda.

Bafuni nilisikia maji yakimwagika, yakikatika, yakimwagika tena. Alijichukulia muda wake. Mwenzangu wa zamu ya mchana alipita akaniuliza kama sijaondoka, nikamwambia bado niko kazini. Nikaketi pale kitandani, mtoto mapajani.

Maselina alirudi amevaa khanga safi, akaketi upande wa pili wa kitanda, akatoa kitana na kuanza kuchana nywele. Hakumchukua mtoto. Nikaendelea kumshika.